Siku Shangazi wa Lalago Alipokuja Kuchagua Ng'ombe

Masalu, mpwa wangu, alipoumwa na nge alitutangazia kama mtu anayetangaza kwamba chumvi imeisha.

Tulikuwa tumekaa kwa dada yangu Benadetha, pale Nkoma, tunakula ugali wa mtama na mlenda. Masalu akasema, "Nimeumwa na nge." Mama yake akamjibu, "Haya mwanangu, ongeza mboga." Baba yake, shemeji yangu Paschal, akaendelea kumega tonge. Mimi nilikuwa katikati ya hadithi nzuri inayonihusu mimi, kwa hiyo sikukatisha. Tulipomaliza kula ndipo tukaona mguu wa Masalu umevimba kama mtungi, na yeye amekaa palepale, uso umetulia, anasubiri mtu amjibu.

"Kwa nini hukupiga kelele?" nikamuuliza.

"Nilisema," akajibu.

Na kweli alisema. Shida ni kwamba sisi Wasukuma, na nadhani watu wengi wa duniani, husikiliza kwa macho. Mtu akisema ameumwa na nge, tunatazama uso kwanza. Uso ukikunjamana, tunakimbilia dawa. Uso ukiwa umetulia, tunaongeza mlenda.

Uso wa Masalu ulikuwa umetulia tangu azaliwe. Siku ya Pasaka katekista alidhani amenuna. Kwenye harusi ya binamu yake watu walimwuliza kama ana homa. Mzee wetu alipofariki, kuna waliosema kijana huyu hana uchungu, ilhali ndiye aliyechimba kaburi kutoka mwanzo hadi mwisho bila kumpokeza mtu jembe.

Na nyuso za wenzake hakuzisoma pia. Watu wengine tukimwona mama amefunga midomo na kuweka sufuria chini kwa kishindo, tunatafuta njia ya kwenda kuangalia mbuzi. Masalu alikuwa anasimama palepale na kuuliza, "Mama, umekasirika, au sufuria ni nzito?" Hakuwa anamtania. Alikuwa hajui, na alitaka kujua.

Kuhusu nyuso, niseme wazi kwamba mimi ni mtaalamu. Shule niliishia darasa la nne, lakini darasa la nne la zamani, la viboko, ambalo ukilipima na vyuo vya sasa sijui kipi kingezama. Elimu yangu kubwa niliipata kwenye mnada wa Bariadi, nikiwa dalali wa ng'ombe. Mnunuzi anayemtaka dume fulani hamtazami dume huyo. Anatazama wa pembeni, anamcheka, anamtukana kidogo. Lakini ukimwangalia vizuri, shavu linavutika, na sikio, hasa sikio, linasogea nyuma kidogo kama la punda aliyesikia debe la pumba. Nikiliona sikio, nimekula.

Nilijaribu kumfundisha Masalu kazi hiyo. Siku ya kwanza nilimsimamisha karibu na dume la mteja wangu, nikamwambia, "Nikikukonyeza, msifie." Akaja mnunuzi wa Mwanza, mtu wa fedha, tukazungumza, nikamkonyeza Masalu. Masalu akanitazama. Nikamkonyeza tena.

"Mjomba," akasema mbele ya mnunuzi, "jicho lako limeingiwa na kitu. Nikuletee maji?"

Mnunuzi alicheka mpaka akashika kiuno, halafu akaenda kununua kwa watu wengine. Nilitaka kumrudisha Masalu Nkoma mchana uleule. Kumbe nilikuwa sijaona faida. Mnunuzi wa pili alipokuja, alimtazama Masalu usoni atafute kama dume lile lina kasoro. Akatazama. Akarudia. Alikuwa kama mtu anayejaribu kusoma gazeti upande ambao haukuchapwa. Mwishowe alichoka, akalipa. Kuanzia siku hiyo nikawatangazia madalali wote kwamba nimeleta ukuta kutoka Nkoma.

Sasa, wakati huo mambo ya biashara yalikuwa yamefunguliwa. Zamani pamba ilinunuliwa na ushirika tu. Ukipenda usipende, pamba yako ilikwenda huko, na wewe ukarudi nyumbani kusubiri. Halafu kampuni za watu binafsi zikaruhusiwa, na kila kituo kikawa na mizani yake, lori lake na kijana wake mwenye miwani ya jua. Lori la kwanza la mnunuzi binafsi lilipofika Nkoma, ng'ombe wa Paschal alikuwa anazaa. Redio ilikuwa imeshinda ikisema soko huria, soko huria, na Paschal, ambaye ni mtu wa maneno machache na huyaokota kwa wengine, akamwita ndama yule Soko Huria.

Soko Huria alikua mfupi, pembe moja imeinama kama mtu anayepiga simu, rangi ya majivu. Ukimwona njiani hutamwangalia mara mbili. Lakini maziwa yake yalilisha nyumba nzima, na kila mwaka alizaa bila kusumbua mtu. Masalu ndiye aliyemkamua, maana mtu mwingine akimkaribia upande wa kushoto alipigwa teke.

Palikuwa na mwingine zizini, jike kubwa jekundu, linang'aa kama limepakwa mafuta, nundu imesimama, pembe zimekaa vizuri. Wageni walikuwa wakisimama barabarani kumtazama. Alikula sana na hakuwahi kuzaa hata mara moja. Jina lake lilikuwa Ushirika. Aliyempa ni Paschal, na sababu anazijua yeye. Mimi si mtu wa siasa.

Wale wanunuzi binafsi ndio waliomkutanisha Masalu na Milembe. Kampuni moja ilifungua kituo Lalago na kulipa papo hapo, kwa hiyo Masalu alipakia magunia ya pamba kwenye mkokoteni wa ng'ombe akaenda. Foleni ilikuwa ndefu. Mbele yake alikaa binti wa Mzee Ngeleja wa Lalago, anatenganisha pamba safi na fifi, yaani ile nyeupe na ile iliyochafuka. Masalu alimtazama kwa muda, halafu akamwambia, "Umeweka fifi kwenye safi." Milembe akaendelea kwa nguvu zaidi.

"Umekasirika?" Masalu akamwuliza.

"Ndiyo."

"Kwa sababu yangu?"

Milembe akaacha pamba, akamgeukia. Baadaye alimwambia dada yangu kwamba katika maisha yake, watu wote walimwona amenuna wakajidai kujua sababu, na kila mmoja alikosea. Huyu wa Nkoma ndiye wa kwanza kuuliza. "Hapana," akamjibu. "Ni kaka yangu. Amekwenda kunywa na kuniachia kazi yote."

"Basi sogea," Masalu akasema, akakaa, akaanza kutenganisha naye.

Msimu mzima Masalu alikuwa anapeleka pamba Lalago hata ya majirani. Sisi tulidhani anafuata bei. Mimi, mtaalamu wa nyuso, nilimtazama kila alipoondoka na kila aliporudi, nikaona uso uleule wa siku ya nge. Siku aliposema, "Nataka kuoa. Anaitwa Milembe, binti Ngeleja wa Lalago," mama yake alidondosha mwiko. Nadhani hata wewe ungedondosha.

Paschal aliniita niwe msemaji wao. Kwetu Nkoma mke hatafutwi na watu wa kunyamaza. Tukaenda Lalago, mimi nikiwa mbele na kofia yangu ya mnada, Paschal nyuma yangu, Masalu nyuma ya Paschal. Mzee Ngeleja alitupokea vizuri. Pembeni yake alikaa dada yake, Lukresia, mjane mwenye ng'ombe wake mwenyewe na macho ambayo hayakupenda kupepesa. Ndiye aliyemlea Milembe. Nikajitambulisha kuwa baba Marcelo, nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," yaani habari za mchana, mama, akaitikia bila kuniangalia. Alikuwa anamwangalia Masalu.

Nilizungumza vizuri siku ile. Nilizungumza mpaka nikajishangaa. Tulielewana juu ya idadi ya ng'ombe mapema kabisa, jambo ambalo kwa watu wengine huchukua mpaka jua lizame. Ndipo Lukresia akainua mkono.

"Huyu mwenyewe sijamsikia," akasema. "Kijana, unamtaka Milembe?"

"Ndiyo," Masalu akasema.

Alisema kama mtu aliyeulizwa kama jana kulinyesha. Mikono yake ilikuwa imefichwa ndani ya koti la Paschal, alilolazimishwa kuvaa na mama yake, na mikono ya koti lile ilimfunika mpaka kwenye kucha.

Lukresia akamgeukia Ngeleja. "Kaka, huyu ameletwa. Hakuja mwenyewe."

"Amekuja, mayu," nikaingilia, "tena mbio. Huu ni uso wake wa furaha."

"Baba Marcelo, mimi nimewazika watu wenye furaha kuliko huyo," akanijibu. "Niliolewa na mtu aliyeletwa. Alikaa kwangu miaka yote kama mgeni anayesubiri mvua ipite. Milembe sitamtoa hivyo."

Nilimtazama Paschal, Paschal akatazama kofia yangu. Mwisho Ngeleja akaamua. Desturi ni kwamba watu wa upande wa binti huja kwenye zizi la kijana kuchagua ng'ombe wanaowataka. Kwa kawaida huja wanaume. Safari hii, akasema, shangazi mwenyewe atakuja. Atachagua ng'ombe, na atatafuta furaha ya kijana iko wapi. Akiiona, Milembe ataolewa. Asipoiona, atarudi Lalago na kamba mkononi na hakuna ng'ombe nyuma yake.

Njiani Masalu akaniuliza, "Mjomba, wamekubali au wamekataa?"

"Wamesema mpaka wakuone unafurahi."

"Nafurahi sana," akasema. Nilimwangalia. Angeweza kuwa anahesabu miti.

Tulipofika Nkoma nikaanza kumfundisha kutabasamu. Nilifungua kioo cha baiskeli yangu, nikakiegemeza kwenye ukuta, nikamwambia afanye kama mimi. Nikatabasamu. Naye akainua midomo pande zote mbili, akaiacha huko juu, macho yakabaki yalipokuwa. Mama yake alipita na ndoo, akasimama.

"Mwanangu, tumbo?"

"Natabasamu, mama."

"Acha," dada yangu akasema. "Utatisha watoto."

Tulijaribu kwa siku kadhaa. Alijitahidi, maana ni mtu wa kazi. Alitabasamu kwa mbuzi, kwa jirani, kwa katekista aliyepita na baiskeli na kuongeza mwendo. Hatimaye yeye mwenyewe akakirudisha kioo. "Mjomba, nikitengeneza uso siwezi kufikiri. Nikimfikiria Milembe uso unaanguka. Nichague lipi?" Nikamwambia akakate majani ya ng'ombe.

Nikaona afadhali tutumie akili ya mnada. Mtu anayekuja kuchagua ng'ombe kwako hawatazami ng'ombe. Anatazama nyuso za wenye zizi. Ng'ombe ambaye mama mwenye nyumba amemtazama akapumua, huyo ndiye mzuri, huyo anafungwa kamba. Kwa hiyo nikawapanga watu wangu. Kila Lukresia atakapomkaribia Ushirika, lile jike zuri lisilozaa, sisi wote tuumie. Dada yangu apanguse machozi kwa khanga. Paschal ageuke pembeni kama mtu anayechomwa mwiba. Mimi nipumue. Na Soko Huria, ambaye hatukutaka aondoke hata kidogo, tumsimamishe Masalu kando yake. Pale hakuna mtu atakayesoma kitu. Ukuta utamlinda.

"Na ile furaha yake?" dada yangu akauliza. "Shangazi anakuja kutafuta furaha, kaka. Wewe unamtafutia ng'ombe tasa."

"Furaha nitaionyesha mimi," nikamwambia. "Nitacheka kwa niaba ya wote wawili."

Dada yangu alinitazama kwa namna ambayo hata Masalu angeielewa.

Walifika asubuhi, ng'ombe wakiwa bado zizini, Ngeleja na dada yake, kila mmoja kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya kukodi. Milembe hakuja, kama inavyotakiwa. Tukaamkiana mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, tukawapa maziwa ya mgando, nikacheka sana kwa sauti. Masalu alikuwa tayari amesimama kando ya Soko Huria. Siku ile hakuwa na koti. Alivaa shati la mikono mifupi, lile la mitumba lenye maandishi ya Kizungu ambayo hatukuwahi kujua yanamtangaza nani.

Lukresia akaingia zizini. Nikamfuata nikiwa nimejiandaa.

Alikwenda moja kwa moja kwa Ushirika. Nikapumua pumzi ndefu, ya moyoni. Dada yangu akajipangusa macho. Paschal akageuka kama nilivyomfundisha, ila aligeuka kwa uchungu mwingi mno, akakanyaga kinyesi kibichi akakaa chini. Hata hilo lilitusaidia, nikaona, kwa sababu alionekana mtu aliyezidiwa.

"Huyu mzuri," Lukresia akasema, mkono juu ya nundu.

"Mayu," nikasema kwa sauti ya kukatika, "huyo... basi, sisi ni nani wa kukataa."

Lakini nilipomwangalia nikaona hanitazami mimi. Hamtazami dada yangu wala Paschal aliye chini. Wala hakuwa anamtazama Ushirika. Alikuwa anatazama ng'ambo ya zizi, alikosimama Masalu, tena si usoni. Alitazama chini kidogo. Kisha akaondoa mkono kwenye nundu, akaenda kwa mwingine. Akamgusa. Akatazama kule. Akaenda kwa wa tatu. Alikuwa kama mtu anayepima maji kwa fimbo.

Akafika kwa Soko Huria, akaweka kiganja mgongoni.

Hapo ndipo nami nikatazama alikotazama. Nikaona vidole vya Masalu vimeanza. Hili jambo tulilijua wote, ila hatukuwahi kulifikiria. Tangu akiwa mdogo alikuwa na tabia ya kusugua kidole gumba kwenye ncha za vidole vingine, haraka haraka, kama mtu anayetoa mbegu kwenye pamba. Pamba yenyewe haipo. Mama yake alikuwa akimpiga mikono, "Acha kuchambua hewa." Tuliliona kama mtu anavyomwona mwenzake anayejikuna.

"Huyu wa kwanza," Lukresia akasema. "Mfungeni kamba."

Nikamkonyeza Masalu aweke mikono nyuma. Nikamkonyeza kwa jicho lote, mpaka shavu likapanda.

"Mjomba, jicho hilo tena," Masalu akasema kwa sauti ya kawaida, zizi zima likasikia. "Nilikwambia. Ukifumba la kushoto huwa sijui unataka nini. Sema."

Kila mtu akanigeukia, hata Ushirika.

"Nasema," nikasema, "weka mikono nyuma. Kwa heshima ya wageni."

"Aiache ilipo," Lukresia akasema. "Wewe weka ya kwako nyuma, na masikio ukiweza. Ukidanganya masikio yako yanacheza, baba Marcelo. Nimeyaona tangu Lalago."

Nimekuwa dalali maisha yangu yote na hakuna mtu aliyewahi kuniambia hilo.

Ngeleja alikuwa anaangalia haya yote akiwa amekunja uso. "Dada, ng'ombe umepata," akasema. "Lakini hatukuja kwa ajili ya ng'ombe. Mimi ninamtazama kijana huyu tangu tumefika. Amemwona mkwe wake, amenyamaza. Amemwona mjomba wake akicheka kama fisi, amenyamaza. Sasa anachukuliwa ng'ombe wake, uso uleule. Mimi sioni kitu."

Hapo nilijua tumefika mwisho. Nikajiandaa kucheka, kama nilivyoahidi, lakini kicheko hakikutoka. Dada yangu sasa alikuwa analia kweli, na nadhani ndiyo maana alijificha.

Lukresia akamsogelea Masalu, akasimama mbele yake.

"Masalu. Milembe amenituma nikuulize. Nyumba unayojenga, mlango unatazama wapi?"

"Mashariki," Masalu akasema. Uso haukusogea. "Alisema anapenda kuamka na jua. Jiko nimeliweka kando, moshi usimwingie, maana macho yake huwasha. Bati bado. Nasubiri msimu wa pamba. Kisima kiko karibu kuliko cha kwenu, nimekwenda kukilinganisha. Kuna mahali pa kukaa akitenganisha pamba, nimempandia mti, lakini bado ni mfupi, kwa hiyo mwaka huu atakaa upande wa ukuta."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja. Ila si maneno niliyokuwa ninayaangalia. Mikono yote miwili ilikuwa inakwenda. Vidole vilichambua, vikachambua, kulia na kushoto, kwa kasi ya wanawake wanaotaka kumaliza shamba kabla ya mvua. Pamba ya Lalago na Nkoma na Mwamapalala yote ingeisha pale.

"Kaka," Lukresia akasema bila kugeuka, "usitazame juu. Tazama chini."

Ngeleja akatazama chini. Alitazama kwa muda mrefu, mdomo umefunguka kidogo.

"Milembe ndiye aliyeniambia," Lukresia akaendelea. "Nilimwambia kijana wako hana uso. Akaniambia, shangazi, anao, walimvalisha koti. Akaniambia, siku ya kwanza kule kituoni aliniuliza kama nimekasirika, na mimi nikamwuliza, na wewe je, umefurahi, maana sioni. Akanionyesha mikono. Ndiyo maana nimemchagua ng'ombe huyu, mikono imeniambia ndiye anayempenda."

Ng'ombe mmoja akakojoa. Machozi yalikuwa yanamshuka Lukresia, bila sauti, na uso wake umekazana.

Masalu akamwinamia kidogo. "Shangazi," akasema, "umekasirika?"

"Hapana, mwanangu. Nimefurahi."

"Sawa," Masalu akasema. "Sikuweza kujua."

"Hata sisi," Ngeleja akasema, akatoa kofia yake, akajipangusa jasho ambalo halikuwapo. "Mfungeni kamba ng'ombe. Binti tumetoa."

Kwa hiyo Soko Huria alikwenda Lalago na wenzake waliochaguliwa. Masalu alimsindikiza mwenyewe, ili awaonyeshe anakamuliwa upande gani, na ili, kama alivyosema mbele ya watu wote bila aibu, amwone Milembe. Ushirika tulibaki naye. Alikula kwetu miaka mingi, akapendeza, wageni wakaendelea kusimama barabarani.

Milembe alipohamia Nkoma mambo ya pale nyumbani yalibadilika kwa namna moja tu. Watu waliacha kutazama juu. Masalu akikaa na kidole gumba amekifungia ndani ya ngumi, mama yake anajua kuna shida, anauliza. Nge alipomuuma tena mwaka uliofuata, alisema kwa sauti ileile ya chumvi, na Milembe alikuwa amefika na dawa kabla hajamaliza sentensi. Naye Milembe alijifunza upande wa pili. Akinuna hasubiri mumewe agundue. Anasema, "Masalu, nimenuna, ni kwa sababu ya maji." Masalu anakwenda kuchota maji. Nimekaa kwenye ndoa mbili, na sijaona njia fupi kama hiyo.

Binti yao, Precious, alisoma. Siku hizo tulikuwa mkoa wa Shinyanga, sasa tuna Simiyu yetu na hospitali zetu, naye ni muuguzi pale Bariadi mjini. Juzi alikuja nyumbani akatuambia kwamba baba yake ana jina. Si Masalu, jina la jinsi alivyo. Linaitwa usonji. Akasema wapo wengi, na zamani wataalamu walifikiri watu hao ndio wasiojua kusoma nyuso za wenzao. Sasa wamepima pande zote, wakaona hata sisi wengine tukiletewa nyuso zao tunashindwa vilevile. Kila upande unaonyesha furaha na hasira kwa mtindo wake, na kila upande unaulaumu wa pili kwa kutosoma.

Tulikuwa tumekaa nje. Masalu alikuwa anamsikiliza mwanawe, na vidole vyake vilikuwa vinakwenda polepole, polepole. Milembe aliviona, akamwongezea chai.

"Hilo," nikamwambia Precious, "mimi nililijua zamani. Kabla ya wataalamu wenu. Siku ile zizini nilimwambia hata bibi yako Lukresia, tazama mikono."

Precious akamtazama mama yake. Milembe akatazama kando ya kichwa changu, kulia, halafu kushoto, akaziba mdomo kwa khanga.

"Mjomba," Masalu akauliza, "unasema kweli?"

Alikuwa anauliza tu, kama kawaida yake. Hakuwa ananitania. Nikashusha kofia yangu ya mnada mpaka chini ya masikio yote mawili, nikamjibu ndiyo.